Bendiso inakata upande na kung'oa meno: je, niiuze?

Swali: "Assalam aleikum mzee. Nina karakana ndogo Changamwe, Mombasa. Kazi yangu kubwa ni mageti na madirisha ya mabomba ya mraba na anglaini, vile vyuma vya pembe ya L, na mara kwa mara naletewa shafti za stenlesi za boti nizikate kabla hazijaenda kwa fundi wa lethi. Nilinunua bendiso, yaani msumeno wa mkanda, ya mlalo ya inchi saba, mtumba kutoka Uingereza. Mkanda mpya haumalizi wiki mbili. Ama meno yanang'oka, ama mkato unakwenda upande mpaka kipande hakikai kwenye skwea. Nimepunguza uzito wa kichwa kinachoubeba mkanda nikidhani nauhurumia mkanda, mambo yakawa mabaya zaidi. Wenzangu wanasema niiuze nirudi kwenye mashine ya diski. Nifanyeje?"

Waalaikum salaam, mwanangu. Usiiuze.

Umesema ulipopunguza uzito wa kichwa mambo yaliharibika zaidi, na mimi nitaanzia hapo hapo, kwa sababu mafundi wengi hufanya vivyo hivyo na kupata matokeo hayo hayo. Jino la msumeno limetengenezwa lizame ndani ya chuma na litoke na chenga yake, yaani kile kipande chembamba lililokikata. Likipita juu ya chuma bila uzito wa kulizamisha, linasugua tu. Kusugua kunaleta joto na kunakula ncha ya jino. Ncha ikishakuwa butu inataka uzito zaidi ili izame, na wewe wakati huo umeshaupunguza. Mkanda unakufa bila ya kufanya kazi yoyote ya maana.

Kwenye stenlesi balaa ni kubwa zaidi. Stenlesi za 304 na 316, ambazo ndizo zinazotumika sana kwa shafti za boti na vyuma vya baharini, zina tabia ya kukakamaa zikisuguliwa. Jino la kwanza likiteleza bila kukata, linamwachia mwenzake wa nyuma uso mgumu kuliko ule lililoukuta. Baada ya dakika moja ya kusugua una mstari mgumu kama kioo katikati ya shafti, na hakuna mkanda wa bimetali, ule wa vyuma viwili vilivyounganishwa, utakaoupita kwa amani. Ndiyo maana kanuni ya stenlesi ni mwendo wa polepole na uzito wa kutosha. Mkanda uende taratibu, lakini kila jino lilazimike kuuma.

Kwa hivyo kabla hujagusa spana, fagia trei ya mashine iwe safi, kata kipande kimoja, kisha okota chenga uziangalie. Zikiwa unga mwembamba, meno yanasugua: ongeza uzito, au punguza mwendo wa mkanda. Zikiwa nene, za moto, na zimegeuka kahawia au buluu, umezidisha: punguza uzito au mwendo. Chenga nzuri zimejikunja, zina rangi ya fedha, na ukizishika zina uvuguvugu tu. Kuna chuma kitakachokudanganya, nacho ni chuma cha kutupwa, ambacho hutoa unga hata kikikatwa vizuri. Kwa vyuma unavyokata wewe chenga zitakwambia ukweli, na kila nitakalokueleza hapa chini utalipima kwa kurudi kuzitazama.

Sasa meno. Hukuniambia mkanda wako una meno mangapi kwa inchi, lakini kwa dalili ulizotaja naamini una mkanda mmoja unaoutumia kwa kila kitu. Mabomba ya geti na shafti ya milimita 50 haviwezi kukatwa kwa mkanda mmoja. Jino linahitaji wenzake kwenye chuma: wasipungue watatu kwa wakati mmoja, na uzuri wake ni kati ya 6 na 12. Yakipungua, jino moja linabeba uzito wa kichwa chote na linang'oka. Yakizidi 24 hivi, uzito unagawanyika mno, hakuna jino linalozama, na mianya kati ya meno inajaa chenga kabla mkanda haujatoka upande wa pili.

Chukua shafti ya milimita 50, yaani inchi mbili kasoro kidogo. Mkanda wa meno 14 kwa inchi utakuwa na meno kama 28 ndani ya chuma kwenye sehemu pana. Huo utasugua, na chenga zikibanana kwenye mianya zitausukuma mkanda upande. Mkanda wa 5/8, yaani ambao meno yake yanabadilika kati ya 5 na 8 kwa inchi, utakuwa na meno 10 hadi 16. Wa 4/6 utakuwa na 8 hadi 12. Kwa shafti ya stenlesi ya ukubwa huo ningechukua 4/6, na kwa shafti ndogo za milimita 25 hadi 35 ningechukua 5/8 au 6/10.

Bomba la mraba ni habari nyingine. Ukuta wa milimita 2 ni mwembamba kiasi kwamba hata meno 14 kwa inchi, ambayo yamepishana kwa milimita 1.8, yanaingia moja moja. Kanuni ya meno matatu hapo haitimiziki, kwa hivyo unatumia meno madogo ya 10/14, au 14/18 kama kazi yako kubwa ni mabomba ya geji 16 na 18, yenye kuta nyembamba zaidi, kisha unalinda meno kwa njia nyingine mbili. Ya kwanza ni meno yenye kupishana bila usawa, kama hizo namba mbili zinavyoonyesha, maana hupunguza mtetemeko. Ya pili ni namna unavyoliweka bomba kwenye vaisi, na hapa ndipo pesa nyingi za mafundi wa mageti hupotelea.

Bomba la mraba likilala kwa ubapa, mkanda unakutana kwanza na ukuta wote wa juu, tuseme milimita 40 kwa mpigo. Unausugua polepole, halafu ghafla ukuta unaisha na kichwa kinadondoka juu ya kuta mbili nyembamba za pembeni. Meno mawili yanapokea uzito uliokuwa umebebwa na zaidi ya 15. Hapo ndipo unasikia "krrak". Ukiligeuza bomba pembe iwe juu, kwa kulikalisha kwenye kipande cha anglaini kilichokatwa na kuchomelewa kama kitako cha V, mkanda hauupati ukuta wa ubapa hata mara moja, na ukuta wa milimita 2 unakuwa kama wa 2.8 kwa sababu unakatwa kwa mshazari. Tengeneza hicho kitako cha V mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Anglaini nayo iweke kama paa la nyumba, mgongo juu na miguu miwili chini. Flatibari ya 50 kwa 6 ilaze kwa ubapa ukitumia 6/10. Ukiisimamisha, meno mawili hivi tu ndiyo yatakuwa kazini.

Ukifunga mabomba mengi pamoja, hakikisha hata la katikati haliwezi kuzunguka. Bomba moja likizunguka ndani ya fungu linang'oa meno ya mkanda mzima. Wengine huchomelea vidoti kwenye ncha za fungu upande ambao hautakatwa. Hilo ni jambo jema, ila vidoti hivyo viwe mbali na njia ya mkanda kwa sababu kidoti cha welding huwa kigumu kuliko bomba lenyewe.

Kuna kifaa kingine ambacho watu hukielewa vibaya. Mashine yako bila shaka ina silinda ya haidroli yenye vali ndogo, na pia springi nene inayovuta kichwa juu. Vali inapanga kasi ya kushuka. Springi ndiyo inayopanga uzito. Ni mambo mawili tofauti. Ukikata bomba jembamba, vali ndiyo mlinzi wako: ifunge mpaka kichwa kishuke kwa utaratibu ule ule hata kuta zikiwa nyembamba, kisiweze kudondoka. Ukikata shafti nene, legeza springi ili uzito uongezeke, kisha fungua vali ya kutosha ili isiuzuie uzito huo. Fundi anayefunga vali kwenye shafti ya stenlesi akidhani anaulinda mkanda, anaupeleka kaburini.

Mwendo wa mkanda nao usiuamini kibandiko cha mashine, upime. Mkanda wa mashine nyingi za inchi saba una urefu wa kama mita 2.36, lakini pima wako. Tia alama nene ya rangi kwenye mgongo wa mkanda, washa mashine bila chuma, simama pembeni, na uhesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika moja. Ikipita mara 25, ni mita 59 kwa dakika. Ikipita mara 12, ni mita 28. Kwa mkanda wa bimetali na maji ya kupozea yanayotiririka, chuma cha kawaida kinakubali mita 60 hadi 80, shafti ya EN8, chuma cha kaboni ya wastani, kama 45 hadi 55, EN24, chuma cha aloi kigumu zaidi, kama 30 hadi 40, na stenlesi 25 hadi 35. Alumini ipe mwendo wa juu kabisa mashine iliyo nao. Ukikata bila maji, punguza theluthi moja. Stenlesi bila maji usikate kabisa.

Kwa kuwa mashine yako imetoka Uingereza, mota yake iliundwa kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, kwa hivyo mwendo haujabadilika. Nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine, maana bandarini huingia pia mashine za nchi za hezi 60, Marekani ikiwemo. Hizo zikifungwa hapa hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, mbali na suala la volti. Na kama mota yako ni ya fezi tatu, hakikisha haizunguki kinyume baada ya fundi umeme kuhamisha nyaya. Simama mbele ya mashine: ncha za meno lazima zielekee upande ule ule ambao mkanda unakwenda. Kama hazielekei huko ilhali mota inazunguka sawa, mkanda umeuvisha ndani nje. Utoe, upindue, uurudishe. Hilo hutokea kwenye karakana kubwa pia.

Tuje kwenye mkato unaokwenda upande, ambao ndio uliokukera zaidi. Kabla ya kurekebisha chochote, chukua kipande kilichokatwa vibaya, weka ukingo wa rula ya chuma juu ya uso uliokatwa, ukielekeze dirishani uone mwanga. Uso ukiwa bapa kabisa lakini umeinama, mkanda umekwenda sawa na mashine ndiyo iliyopinda: ama taya ya vaisi haiko kwenye pembe ya mkanda, ama vielekezi, yaani beringi zinazouongoza mkanda, vimeugeuza mkanda usisimame wima. Uso ukiwa na tumbo, yaani rula inagusa kingo na mwanga unapita katikati au kinyume chake, vaisi haina hatia. Mkanda wenyewe ndio uliopinda ndani ya chuma, na kukaza vaisi mpaka kesho hakutakusaidia. Nimeona watu wakipoteza asubuhi nzima wakipima vaisi kwa sababu hawakuweka rula kwanza.

Kwa uso bapa ulioinama, ulaze kichwa chini mashine ikiwa imezimwa na umeme umechomolewa. Weka skwea juu ya meza ya vaisi, ubavu wake uguse ubapa wa mkanda kati ya meno mawili yaliyosetiwa, yaani yaliyopindwa pembeni, si juu ya ncha za meno. Kama kuna mwanga chini au juu, legeza vielekezi na uvizungushe kidogo mpaka mkanda usimame wima. Kisha weka skwea kati ya taya ya vaisi isiyotembea na mkanda, ukaze boliti zake zikiwa sawa. Kazi hii ya robo saa hudumu miezi ikiwa boliti zimekazwa vizuri.

Uso wenye tumbo una sababu zake, na nitakupa kwa mpangilio ambao mimi ningezitafuta. Kwanza, mkono wa kielekezi uko mbali na chuma. Huo unaohama usogeze mpaka ukaribie kazi kabisa, kwa kuwa mkanda wenye sentimita 20 za hewa kati ya vielekezi viwili unapinda hata ukiwa mpya. Mafundi wengi huukaza mahali pamoja siku mashine inafungwa na hawaugusi tena. Pili, mkanda umelegea. Tatu, beringi za vielekezi zimelika. Nne, meno ya upande mmoja yamekuwa butu, pengine kwa kugonga taya ya vaisi au kidoti cha welding. Mkanda wa namna hiyo hupinda daima upande ule ule na hauna dawa, uondoe. Tano, meno ni madogo mno kwa unene wa chuma, ambalo tumeshalizungumza.

Ukazaji nataka niueleze vizuri, kwa sababu desturi ya kuugonga mkanda kwa kidole na kusikiliza sauti haiwezi kukupa jibu moja siku mbili mfululizo. Mkanda wa bimetali unataka mkazo wa kama niutoni 200 kwa kila milimita ya mraba. Huna kipimo cha mkanda, lakini una venia, kile kipimo chenye taya mbili. Uache mkanda ukiwa umetoa ulegevu tu, hata haujakazwa. Bana taya moja ya venia kwenye mkanda kwa klempu ndogo, na taya ya pili kwa klempu nyingine, zikiwa zimepishana milimita 125. Soma namba. Sasa kaza gurudumu la mkazo polepole. Chuma kikivutwa kinarefuka, na kwa urefu huo wa milimita 125, mkazo unaoutafuta utaifungua venia kwa milimita 0.12 hivi. Ikifika hapo, tia alama ya rangi kwenye gurudumu la mkazo au hesabu nyuzi za skrubu zilizobaki nje, na hutahitaji venia tena mpaka ubadilishe aina ya mkanda. Mashine ndogo zaidi, zile za inchi nne na nusu zenye mkanda mwembamba wa milimita 13, fremu zake haziwezi kufika huko bila kupinda. Hizo zikifika 0.08 zinatosha.

Jioni ulegeze mkanda. Mkanda ukilala umekazwa juu ya magurudumu madogo unazeeka bila kukata kitu.

Beringi za vielekezi zizungushe kwa kidole. Zikikwaruza au zikiwa na mchezo, zibadilishe zote kwa pamoja. Soma namba ubavuni na uende nayo dukani, ni beringi za kawaida za bei nafuu. Moja kati ya kila jozi imefungwa kwenye boliti yenye ekisenta, yaani ambayo kitovu chake hakiko katikati: izungushe mpaka ziushike mkanda bila nafasi, lakini uweze bado kuizungusha kwa kidole ikiteleza juu ya mkanda. Beringi ya mgongoni ipishane na mkanda kwa unene wa karatasi wakati mashine haikati. Ufa unaoanzia mgongoni mwa mkanda unatokana na beringi hiyo iliyokufa au gurudumu linalosugua mkanda kwenye ukingo wake. Ufa unaoanzia kwenye mwanya kati ya meno ni wa uchovu: mkanda umekazwa kupita kiasi, au vielekezi vinaubana mno, au umeshafanya kazi yake. Mkanda ukikatika kwenye kiungo chenyewe, aliyeuchomelea hakuupasha moto vizuri baada ya kuunga, nawe una haki ya kuurudisha. Na ukisikia "tak, tak" kila mzunguko, kiungo kina ngazi. Kisafishe kwa grainda ndogo kiwe sawa na mgongo na mbavu.

Kuhusu aina ya mkanda, nasema bila kusita: nunua bimetali, ule wenye meno ya M42. Mgongo wake ni chuma chenye unyumbufu na ncha za meno ni chuma cha kasi chenye kobalti asilimia 8. Mikanda ya kaboni ya bei ya chini inafaa kwa alumini na chuma laini cha hapa na pale, lakini ukiipeleka kwenye stenlesi unatupa pesa. Uwe na mikanda mitatu: wa mabomba, wa shafti za chuma cha kawaida, na wa stenlesi peke yake.

Huo wa stenlesi usiuguse chuma kingine. Mkanda uliokata anglaini hubeba chembe za chuma na kuzipachika kwenye uso wa stenlesi, na kwa hewa yetu ya chumvi chembe hizo huota kutu ndani ya siku chache. Mwenye boti ataona madoa ya kahawia na kusema umemwekea stenlesi bandia. Taya za vaisi zifute, au uzivalishe vipande vya alumini, kabla ya kuibana shafti.

Mkanda mpya usiupe kazi nzito mara moja. Ncha zake ni kali mno na zinavunjika vipande vidogo zikipewa uzito wote. Weka mwendo wa kawaida, punguza uzito mpaka nusu hivi, lakini chenga ziendelee kujikunja, kisha ukate shafti ya chuma laini. Vipande 20 vya shafti ya milimita 50 vinatosha, halafu uongeze uzito kidogo kidogo. Mkanda uliozoeshwa hivyo unaishi mara nyingi zaidi ya ule uliorushwa kazini. Na ukibadilisha mkanda katikati ya mkato, usiuingize mpya kwenye mfereji wa zamani. Mpya ni mpana zaidi, utabanwa. Geuza chuma uanze upande wa pili.

Meno yaking'oka, yatafute. Jino lililovunjika likibaki ndani ya mfereji ni gumu sawa na meno mengine, na litamaliza mkanda utakaofuata. Pengo likiwa la meno mawili au matatu, unaweza kuuokoa mkanda kwa kuyasaga mawili ya nyuma ya pengo yashuke kama mteremko, ili linalofuata lisibebe kishindo peke yake.

Maji ya kupozea yanahitaji uangalifu zaidi Mombasa kuliko Nairobi. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi. Ukichanganya mafuta ya kukatia na maji ya kisima, yale maziwa yanajitenga, mafuta yanaelea, na chumvi inabaki ikiila meza ya mashine na kazi yako. Tumia maji ya mvua au maji matamu ya bomba. Changanya sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 10 hadi 15 za maji, ukimimina mafuta ndani ya maji huku unakoroga. Ukifanya kinyume yanaganda. Kwa joto letu yakikaa bila kutembea yanavunda upesi, kwa hivyo ondoa mafuta machafu yanayoelea, na kama mashine itakaa siku kadhaa, washa pampu kidogo kila asubuhi. Usitie mafuta machafu ya injini badala yake. Yanatoa moshi, yanaharibu ngozi, na hayapozi.

Burashi ya waya inayosafisha meno, je, ipo? Kwenye mashine nyingi za mtumba imeisha au haipo kabisa. Bila hiyo, jino linarudi kwenye chuma likiwa bado limebeba chenga yake ya zamani. Ifunge ncha za waya zifike chini ya mwanya wa jino, zisiusukume mkanda.

Halafu kuna chuma kisichofaa kuingia kwenye bendiso. Ekseli za lori, bamba za springi, na shafti za skrapu mara nyingi zimepikwa kuwa ngumu, na ekseli nyingi zina ngozi ngumu juu na chuma laini ndani. Kabla ya kukata skrapu yoyote, ipige tupa. Tupa ikiuma, kata. Tupa ikiteleza na kulia, hicho ni cha diski.

Ndiyo, mashine ya diski usiitupe. Iweke kwa ajili ya vyuma kama hivyo. Lakini kwa shafti ya stenlesi ya boti, diski inaunguza uso, na sehemu iliyounguzwa ndiyo ya kwanza kuoza kwenye maji ya bahari. Fundi wa lethi pia atalaani ile ngozi ngumu uliyomwachia. Kwa mageti, bendiso inakupa ncha isiyo na makali mengi, isiyohitaji grainda nyingi kabla ya kuchomelea, na mabomba kumi yakiwa na urefu mmoja.

Mabomba ya mita sita yawekee stendi yenye rola iliyo sawasawa na meza ya mashine. Ncha ikining'inia, mfereji unafunga mkanda mwishoni mwa mkato. Glavu vaa unapokunjua mkanda mpya, pamoja na miwani, kwa sababu hufunguka kwa nguvu. Vua glavu zote kabla ya kuwasha mashine.

Anza na rula juu ya kipande kibaya ulichonacho sasa, halafu mkono wa kielekezi, halafu venia. Mkanda wa 4/6 wa M42 ununue baada ya hayo, siyo kabla. Kisha kata shafti ya stenlesi ya milimita 50 kwa mita 30 kwa dakika, maji yakitiririka. Ikichukua dakika tatu hadi tano na chenga zikatoka zimejikunja, umefika. Ikizidi dakika nane na trei ina unga, legeza springi zaidi.